Rangi Haijachoka: Kuondoa Uchafu Ulionasa kwenye Rangi ya Gari Kabla ya Kupiga Polishi

Mwenye gari jijini Mwanza akilalamika kwamba gari lake limepoteza mng'aro, jibu analopewa mahali pa kuoshea magari huwa lilelile: "Mzee, rangi imechoka hii. Tupige polishi." Jibu hilo mara nyingi si kweli, na hata likiwa kweli huwa limeruka hatua nzima ya kazi. Rangi ya gari lenye miaka kumi au kumi na mitano, hasa yale yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, huwa bado ina uhai mwingi. Kilichoififisha ni vitu vigeni vilivyotua juu yake, vikakauka, vikaganda, na vingine vikajichimbia ndani mwaka baada ya mwaka, mpaka maji na sabuni vikawa havivigusi tena. Fundi anayewasha mashine ya polishi juu ya uchafu wa namna hiyo anausaga uchafu wenyewe na kuuzungusha kwenye rangi kama msasa, na mng'aro unaopatikana jioni ile huwa umelipiwa kwa mikwaruzo itakayoonekana kesho yake jua likitoka.

Liko jaribio dogo lisilo na gharama ambalo hukata ubishi. Osha gari, likaushe, kisha vaa mkononi mfuko mwembamba wa nailoni na upitishe ncha za vidole juu ya boneti, taratibu, bila kukandamiza. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya bidhaa havikuguswa na katazo hilo, kwa hiyo mfuko uliokuja na mkate wa asubuhi unatosha kabisa. Nailoni hupunguza msuguano wa ngozi, na pale ambapo kidole kitupu kilihisi ulaini, sasa utahisi chenga, kama vile umepitisha mkono juu ya meza iliyomwagikiwa sukari. Chenga hizo ndizo mada ya makala haya. Ikiwa boneti yako haina hata moja, huna haja ya mengi yatakayofuata.

Kabla ya kwenda mbali, neno polishi lenyewe linahitaji kunyooshwa, kwa sababu mtaani limebeba kazi tatu zisizofanana. Kuna mafuta ya silikoni yanayopakwa kwenye dashibodi na matairi ili yang'ae. Hayo hayahusiki na rangi. Kuna nta, ambayo hukaa juu ya rangi na kuikinga kwa wiki au miezi kadhaa. Na kuna polishi hasa, krimu yenye chembe ngumu ndogo mno, ambayo pamoja na ndugu yake mkali anayeitwa rabingi hukata sehemu ya juu ya rangi ili kuisawazisha. Mwenye gari akiagiza "polishi" akimaanisha nta, na fundi akasikia rabingi, wote wawili watakuwa wametumia neno sahihi, na gari ndilo litakalopata hasara.

Hasara hiyo inaeleweka vizuri mtu akijua rangi ya gari ilivyopangwa. Kwenye gari lililopakwa kiwandani, juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wetu huliita klia. Tabaka zote kwa pamoja huwa na unene wa kama maikroni 100 hadi 150, na klia peke yake kwa kawaida huwa kati ya maikroni 35 na 50. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa kama maikroni 70. Maana yake ni kwamba kinga yote ya rangi ya gari lako dhidi ya jua, mvua na mchanga ni nyembamba kuliko unywele mmoja. Kila mara mashine ya polishi inapopita, sehemu ya klia huondoka na hairudi. Kwa hiyo kila chembe ya uchafu inayoweza kutolewa kwa maji, kwa kemikali au kwa mkono wenye subira ni kiasi cha klia kilichookolewa, na hiyo ndiyo sababu ya kazi hii kuwa na mpangilio usiogeuzwa: kinachotoka bila kuguswa hutolewa kwanza, kinachoyeyuka huyeyushwa, na kusugua hubaki mwisho.

Tuanze na vumbi, kwa kuwa vumbi la Mwanza si vumbi la kila mahali. Mji huu umekaa juu ya mawe ya itale, yale yale yaliyorundikana kwenye vilima vya Bugando na Capri Point na kusimama majini kama Jiwe la Bismarck, na mchanga unaotokana na mawe hayo una kwatzi kwa wingi. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10, kwatzi iko kwenye 7, juu ya chuma cha kisu cha kawaida. Klia ya gari ni aina ya plastiki. Haiwezi kushindana nayo. Punje moja ya mchanga wa aina hiyo ikibanwa kati ya kitambaa na mlango wa gari itaandika mstari popote kitambaa kitakapokwenda.

Nimeketi mara nyingi kwenye benchi nikimtazama kijana akiosha gari na nimejifunza kutazama ndoo badala ya gari. Ndoo ni moja. Kitambaa ni kipande cha sweta lililozeeka. Anaanza na matairi, anasuuza kitambaa ndani ya ndoo ile ile, anapanda kwenye mlango, anasuuza tena, na anapofika kwenye boneti maji yameshakuwa na rangi ya uji wa ulezi. Kitambaa kikimponyoka na kuanguka chini, anakikung'uta mara mbili na kuendelea. Hakuna uvivu katika kazi yake, anasugua kwa nguvu zote, na nguvu hizo ndizo zinazochora ile mizunguko myembamba inayofanana na utando wa buibui ambayo huonekana kila gari jeusi linaposimama juani. Baadaye mizunguko hiyo huitwa uchovu wa rangi, na dawa yake huambiwa ni polishi.

Uoshaji unaotangulia polishi huanza kwa maji peke yake, ya mpira au ya mashine ya presha, kutoka juu kwenda chini, mpaka maji yanayodondoka kwenye bampa yawe safi. Matairi na rimu huoshwa kwa kitambaa chao, ambacho hakitapanda kamwe kwenye bodi. Kisha ndoo mbili: moja ina maji ya shampuu ya magari, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila baada ya eneo moja. Kitambaa kizuri ni cha maikrofaiba, kwa kuwa nyuzi zake huvuta punje ndani na kuziondoa usoni pa rangi. Sabuni ya unga tunayofulia nguo haifai. Ina chumvi kali zinazoikausha mipira ya milango, na chenga zake zisipoyeyuka vizuri huongeza tatizo tulilokuwa tunaliondoa.

Wapo wanaoona njia rahisi kuliko zote ni kuliingiza gari ziwani mpaka maji yafike kwenye rimu. Mbali na mchanga wa ufukweni, ambao unapanda pamoja na ndoo kila inapochotwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na grisi na mafuta ya gari yakishaingia majini hayana pa kwenda zaidi ya kule tunakochota maji ya kunywa. Hoja hii inakuwa nzito zaidi tukifika kwenye kemikali.

Uchafu wa pili kwa ukubwa hapa kwetu hutoka angani. Wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kwa mamilioni na kuonekana kwa mbali kama moshi mweusi juu ya Ziwa Victoria, hawaumi mtu, lakini hupenda mwanga, na gari lililolala chini ya taa ya barabarani linaweza kuamka limefunikwa nao. Wakifuatwa na jua la asubuhi hukauka na kushikana na klia kama gundi. Ndege aitwaye kongoti, anayezunguka soko la samaki na majalala ya mji, ni mkubwa, na kinyesi chake kinalingana na umbo lake. Kinyesi cha ndege kina asidi ya uriki, ila madhara makubwa hayaletwi na asidi peke yake. Klia hulainika na kutanuka kwa joto la mchana, kinyesi hukauka na kuwa kigumu juu yake, na jioni klia inaposinyaa hujikunja kulifuata umbo la kinyesi kile. Ndiyo maana hata kikiondolewa hubaki kivuli chake, kama muhuri.

Kwa wadudu na kinyesi dawa ya kwanza ni maji na muda. Weka kitambaa kilicholowa juu ya doa, kiache kama dakika kumi, kisha kiinue kwa kukunja, bila kuburuta. Kukwangua kwa kucha au kwa kitambaa kikavu ni kosa ambalo hata wenye gari waangalifu hulifanya kwa hasira. Maji ya miembe, ule utomvu mtamu unaodondoka na kunata kwenye magari yaliyoegeshwa kivulini, hutoka vizuri kwa maji ya uvuguvugu yenye shampuu ikiwa ni ya juzi, na kwa shida sana ikiwa ni ya mwaka jana.

Kuanzia hapa maji hayatoshi, na kila uchafu unadai kiyeyushi chake.

Lami ni rahisi kuitambua: matone meusi nyuma ya matairi na chini ya milango, mengi zaidi kwa gari lililopita kwenye barabara inayotengenezwa. Lami hutokana na mafuta ghafi, kwa hiyo huyeyushwa na ndugu zake. Ipo dawa maalumu ya kuondoa lami, na mafuta ya taa hufanya kazi hiyo hiyo kwa klia ya kiwandani iliyokauka sawasawa, mradi hayaachwi kwa muda mrefu. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya tone, subiri hadi tone lianze kuchuruzika rangi ya kahawia, kisha lifute kwa mkono mwepesi na uoshe mahali hapo kwa shampuu, kwa sababu mafuta ya taa huacha utando wa mafuta utakaozuia hatua zinazofuata. Petroli sipendekezi: hulipuka kwa cheche ndogo, na hukauka kabla haijamaliza kazi. Tina, yaani kile kiyeyushi cha rangi kinachouzwa kwa mafundi wa kupuliza, ni hatari zaidi, na nitaeleza sababu nikifika kwenye magari yaliyopakwa rangi upya.

Chembe za chuma ndizo zinazowachanganya watu kuliko uchafu wowote, kwa kuwa hazionekani mpaka zianze kuota kutu. Hutoka katika sehemu tatu. Ya kwanza ni breki: kila unapokanyaga, pedi hula diski, na chembe moto za chuma hurushwa kwenye rimu na ubavuni mwa gari lako na la jirani. Ya pili ni reli, ambayo husaga chuma kwa chuma, na magari yaliyosafirishwa au kuegeshwa kando ya reli hubeba chembe hizo kwa wingi. Ya tatu ni yetu hasa: fundi mageti. Katika mitaa mingi ya Mwanza mafundi wa kuchomelea hufanya kazi kando ya barabara, na mashine yao ya kukatia chuma hurusha cheche umbali wa mita kadhaa. Ile cheche nzuri ya rangi ya chungwa ni kipande cha chuma kinachowaka. Kikitua juu ya klia kinaiyeyusha kidogo, kinazama, kinapoa na kukaa humo. Mvua ikinyesha kinaanza kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, chembe hiyo hutanuka na kuisukuma klia pembeni. Gari jeupe huonyesha madoa madogo ya rangi ya chungwa, na mwenye gari hudhani bati linaoza kutoka ndani.

Kupiga polishi juu ya chembe hizo hukata vichwa vyake tu. Mizizi hubaki ikiendelea kuota kutu chini ya mng'aro mpya. Dawa yake ni kemikali inayoishika chuma na kuibadilisha iwe kitu kinachoyeyuka majini. Dawa nyingi za kuondoa chuma hutumia chumvi ya thioglaikoleti, na wasomaji wa umri wangu wanaokumbuka kalikiti wataitambua harufu yake papo hapo, kwa sababu amonia thioglaikoleti ndiyo iliyokuwa ikilainisha nywele katika vile vichupa vya saluni. Ikikutana na chuma hugeuka rangi ya zambarau inayoelekea wekundu na kuchuruzika ubavuni mwa gari kama juisi ya zabibu. Rangi hiyo ndiyo ushahidi kwamba kazi inafanyika. Jihadhari na dawa inayotoka chupani ikiwa tayari ya zambarau. Huenda ni shampuu iliyotiwa rangi. Ijaribu kwanza kwenye rimu chafu ya mbele, ambako vumbi la breki halikosekani: ya kweli itabadilika rangi mbele ya macho yako.

Dawa ya chuma hupuliziwa kwenye gari lililoshapoa, kivulini, na huachwa dakika tatu hadi tano bila kukauka, kisha husuuzwa kwa maji mengi. Sharti la kutokauka ni gumu kulitimiza katika mji ulio kama nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta, ambako boneti nyeusi saa saba mchana inaweza kupita nyuzi 60 za sentigredi na maji hutoweka unapoyatazama. Mimi hufanya kazi hii kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuiacha jua likishafika juu ya paa la jirani. Vaa glovu, simama upande upepo unakotoka, na usifanye hivyo mahali ambapo maji yanatiririka moja kwa moja kwenda kwenye mfereji unaoishia Mto Mirongo au ziwani.

Kuna mabishano ya kipi kitangulie kati ya lami na chuma. Naegemea upande wa lami kutangulia, kwa sababu dawa ya chuma ni ya maji, na tone la lami lililofunika chembe ya chuma haliruhusu maji kuifikia. Kinyume chake hakina faida niliyowahi kuiona.

Madoa ya maji ni kisa tofauti. Kama asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na maji ya namna hiyo hayana madini mengi. Ndiyo maana gari lililooshwa kwa maji ya bomba yanayotoka ziwani likikaukia juani huacha alama hafifu tu. Maji ya visima ni habari nyingine. Tazama ndani ya birika la nyumba unayochota maji: likiwa na ukoko mweupe, ukoko ule ule unajengeka juu ya boneti kila unapoosha bila kukausha. Huo ni chokaa, na huyeyushwa na asidi hafifu. Siki ya kawaida iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikipakwa kwa kitambaa na kusuuzwa baada ya dakika moja au mbili, huondoa madoa mapya. Limau hufanya kazi hiyo pia, lakini nyuzinyuzi na sukari yake hazina nafasi kwenye rangi. Vumbi la saruji kutoka kwa jirani anayejenga litolewe kwa maji mengi kabla umande haujalifikia. Likishaganda, siki hulilegeza kidogo tu.

Baada ya maji, kiyeyushi cha lami, dawa ya chuma na siki, rudia jaribio la mfuko wa mkate. Kwa kawaida nusu ya chenga zitakuwa zimekwisha. Zilizobaki ni mchanganyiko wa utomvu mkongwe, vumbi la rangi lililopeperuka kutoka kwa fundi aliyekuwa akipuliza gari jingine hewani, na chembe za chuma zilizokataa kuyeyuka. Hizo ndizo kazi ya udongo.

Udongo huu hauhusiani na ufinyanzi, na jina lake limeshawaponza watu. Ni gundi ya plastiki inayofinyangika, ambayo ndani yake zimechanganywa chembe laini sana za kusagia. Ulianzia Japani, na hataza ya Marekani ambayo Mjapani Tadao Kadate alipewa mwaka 1995 inauita, kwa maana ya karibu, jiwe la kusagia linalofinyangika na kunyumbulika. Nalitaja jina hilo la hataza kwa makusudi, kwa sababu wengi huamini udongo hunasa uchafu kwa kunata tu. Kunata kupo, lakini kazi kubwa hufanywa na ubapa wake: ukiteleza juu ya klia iliyo laini hauigusi sana, na ukikutana na kitu kilichochomoza hukikata na kukimeza. Kwa kuwa ni jiwe la kusagia, huacha ukungu mwembamba na mistari midogo, hasa ule wa daraja kali. Ndiyo maana mahali pake ni kabla ya polishi, na mtu asiyekusudia kupiga polishi afikiri mara mbili kabla ya kuupitisha gari zima.

Kata kipande cha ukubwa wa ndimu, kikande mkononi mpaka kilainike, kibapishe kama kitumbua kilichokandamizwa. Gawanya bodi katika maeneo ya kama sentimita 50 kwa 50. Lowesha eneo kwa maji ya shampuu mpaka yatiririke, kisha pitisha udongo kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, kwa uzito wa vidole vyenyewe. Mwanzoni utausikia ukikwaruza na kukwama. Usiongeze nguvu, ongeza maji. Baada ya kupita mara kadhaa sauti hupotea na udongo huanza kuteleza kana kwamba umeinuka juu ya rangi. Hapo acha, geuza udongo utazame uso wake, na utaona mistari ya kahawia iliyokuwa kwenye gari lako muda mfupi uliopita. Ukunje, ufinyange upya mpaka upate uso safi, na uende eneo linalofuata. Paa na boneti huchukua muda mwingi. Milango ya nyuma huisha haraka.

Udongo ulioanguka chini hautumiki tena, na hili nalisema kwa uchungu wa aliyelipia somo. Nilikuwa uani kwangu Nyegezi, mlango wa pili wa gari langu mwenyewe, kipande kikaniponyoka kikaanguka kwenye zege. Kilikuwa bado kipya. Nilikifuta kwa kidole gumba, nikakitazama juani, sikuona kitu, nikaendelea. Mkono wa pili tu ulipopita nikasikia mlio kama wa kiberiti kinachowashwa. Mstari ule ulikuwa na urefu wa shibiri moja. Nilitumia nusu saa ya rabingi kuupunguza, na mpaka leo jioni, jua likiwa upande wa ziwa, naweza kuuonyesha.

Asiye na udongo asitafute mbadala jikoni. Dawa ya meno, steeli ya kusugulia masufuria na msasa wa maji huondoa chenga, ni kweli, lakini huondoa pamoja nazo klia ambayo kazi yote hii ililenga kuihifadhi.

Yote niliyoyaeleza yanadhani kwamba gari lina rangi ya kiwandani. Magari mengi ya hapa yameshapulizwa upya, bampa hapa, mlango pale, na si kila rangi ya mtaani imechanganywa na kigumuzi. Rangi isiyo na kigumuzi hukauka kwa kuvukiza tina yake tu, kwa hiyo tina ikirudi, rangi hurudi kuwa maji. Kabla ya kutumia kiyeyushi chochote, tafuta mahali palipofichika, kwa mfano ukingo wa ndani wa mlango uliopulizwa, paguse kwa kitambaa cheupe chenye tina kidogo sana, na utazame kitambaa. Kikichukua rangi, hapo tumia maji, shampuu na udongo laini peke yake, na umwambie fundi wa polishi asipakaribie kwa mashine. Rangi iliyopulizwa mwezi huu iachwe kabisa.

Gari likishasafishwa kwa utaratibu huu, lisuuzwe, likaushwe kwa taulo la maikrofaiba kwa kulilaza na kulivuta, na likaguliwe kwa tochi kutoka pembeni. Kinachoonekana sasa ni hali halisi ya klia: mizunguko ya utando wa buibui, mihuri ya kinyesi cha ndege, mikwaruzo ya kweli. Mara nyingi nimegundua katika hatua hii kwamba gari lililoletwa kwa rabingi linahitaji polishi laini tu, na mara mbili tatu halikuhitaji chochote zaidi ya nta. Panapohitaji mashine, bandika utepe kwenye mipira, kwenye plastiki nyeusi na kwenye kingo za boneti, ambako klia huwa nyembamba kuliko mahali pengine.

Jambo moja la ratiba halipatikani katika maelekezo ya kwenye chupa. Udongo na viyeyushi vimeondoa pamoja na uchafu kila nta iliyokuwapo, na gari lililo katika hali hiyo halina kinga yoyote mpaka polishi ikamilike na nta ipakwe, kazi ambayo kwa mtu mmoja huvuka siku. Wadudu wa ziwani hutoka kwa wingi zaidi siku chache baada ya mwezi kuandama. Kwa hiyo kabla sijachota ndoo ya kwanza hutazama kalenda, na mwezi ukiwa ndiyo kwanza umeandama na sina paa la kulilaza gari usiku ule, kazi yote huisogeza mbele kwa wiki moja.